Milima Inaonekana Vizuri

Mama yangu alinunua miwani kwa sababu ya video. Alitoka Kilolo akapanda gari mpaka Iringa mjini, akakaa foleni kwenye kliniki ya macho, akasomeshwa zile herufi za ukutani, akaambiwa macho yake hayana shida kubwa ila kama anataka miwani ya kusomea atapewa. Akapewa. Alipofika mlangoni akaivaa, akatoa simu, akafungua video yake akaitazama. Halafu akageuka, akarudi ndani kumgombeza daktari.

"Hii miwani yako haifanyi kazi," alimwambia. "Mume wangu bado ana chenga."

Sijui daktari wa watu alijibu nini. Mimi nilisimuliwa na mama mwenyewe kwa simu, nikiwa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye chumba changu cha kazi, na nilicheka mpaka mteja aliyekuja kufuatilia video ya harusi yake akadhani naicheka harusi. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuhariri video. Nahariri harusi, send-off, kipaimara na misiba. Nimetazama watu wakilishana keki mpaka mimi mwenyewe keki siigusi tena. Kwa hiyo mtu akinitajia chenga, najua mara moja kwamba daktari wa macho hahusiki.

"Ni video gani hiyo, mama?"

"Ya kwaya. Ile aliyomo baba yako."

Hapo nikaacha kucheka.

Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Aliimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu kule Kilolo tangu mimi sijazaliwa, na miaka kadhaa kabla hajafa kwaya yao ilirekodi albamu, ikaenda kupiga video kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, karibu na Nyololo. Ndiyo mara pekee baba alipochukuliwa video. Picha za kawaida tunazo, lakini baba alikuwa na ugonjwa wake mbele ya kamera. Akiiona tu anakaza shingo, anafumba mdomo kuficha pengo lake la mbele, anatoa macho. Picha ya kitambulisho, ya ndoa yao, ya ubatizo wangu, zote ni mtu yuleyule aliyeshtakiwa na anasubiri hukumu. Na huyohuyo nyumbani alikuwa akicheka mpaka chai inamwagika kwenye suruali.

"Picha za kusimama ninazo za kutosha," mama aliniambia. "Mimi nataka nimwone anacheka. Hata mara moja tu. Na siku ya kuweka msalaba wajukuu watakuja wote, na wengine hawakumkuta. Unataka niwaonyeshe ile ya kitambulisho? Si watalia."

Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka kingine. Msalaba tulikuwa tumepanga kuuweka kaburini baada ya kuvuna viazi, kwa hiyo muda ulikuwepo, ila si mwingi. Nikamwambia anitumie hiyo video niione.

Ikaja. MB sita! Wimbo mzima, wenye beti nne na kiitikio kisichotaka kuisha, MB sita. Nina picha moja moja za maharusi zinazokula zaidi ya hapo. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikajikuta nasema peke yangu, "Mama yangu weee." Milima ya chai ilikuwa safi kabisa. Mbingu safi. Hata barabara kule mbali unaiona ilivyopinda. Halafu hapo katikati, penye wanakwaya, ulikuwa uji. Uji wa kijani, maana sare yao ilikuwa ya kijani, unayumba kulia na kushoto kufuata mdundo, na badala ya nyuso kuna vibokisi. Pembeni kabisa upande wa kushoto kulikuwa na kichaka cha chai kinachotetemeka peke yake wakati vichaka vyote vingine vimetulia. Sikukijali, nimeshaona vituko vingi zaidi ya hicho kwenye video za watu.

Nikampigia. "Sasa baba yuko wapi hapa?"

"Mstari wa nyuma, wa pili kutoka kulia. Si ndipo anaposimama siku zote kanisani? Mimi kila jioni namsalimia. Namwambia kamwene, naye anayumba. Namweleza na habari za nyumbani. Hata jirani akija kunywa chai namwonyesha."

Huyo jirani naye ni besi, rafiki wa baba wa miaka yote, mzee mpole ambaye chai ya kwetu anaijua kuliko ya kwake.

"Na yeye anasemaje?"

"Anatikisa kichwa tu. Anasikitika."

Nikamtazama huyo wa pili kutoka kulia. Kilikuwa kibokisi cha kahawia juu ya kibokisi cha kijani. Sikuwa na moyo wa kumwambia mama kitu kwenye simu.

Nilipokwenda Kilolo kumwona, nilimkuta uani anachagua viazi vya mbegu, miwani mpya imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata sijakaa, akauliza, "Haya. Nani amemfanya hivi baba yako?" Kama vile kuna mtu wa kupelekwa kwa mtendaji.

Nikachukua kiti kidogo nikaanza kuchagua naye, nikamweleza. Video ni picha nyingi zinazopita haraka haraka, ishirini na kitu kila sekunde. Ukitaka kuzihifadhi zote nzima nzima, wimbo mmoja tu unajaza simu yake na ya jirani. Kwa hiyo kompyuta inafanya ujanja. Inahifadhi picha moja nzima, halafu kwa zinazofuata inaandika tu kile kilichobadilika. Mlima haubadiliki, basi mlima hauna gharama. Mtu anayecheza anabadilika kila wakati, huyo ndiye mwenye gharama. Na kuna kiwango ambacho mtu anakipanga mwenyewe, kwamba kila sekunde ya video ipewe data kiasi gani. Sisi mafundi tunakiita bitireti. Ukikiachia kiwe kikubwa, faili linakuwa kubwa na kila mtu anaonekana na vifungo vya shati lake. Ukikibana, faili linakuwa dogo, lakini hapo kompyuta inabidi itupe vitu ili ienee kwenye hicho ulichoipa.

"Inaanza kumtupa nani?"

"Anayetembea. Na vitu vya rangi moja inavichanganya, inasema ni kitu kimoja."

Mama akaacha viazi. "Yaani milima inaonekana vizuri kuliko baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Mwanamume alikuwa akikaa kwenye kiti mpaka kuku wanataga chini yake. Maisha yake yote! Siku moja tu anainuka acheze, ndiyo siku wanamfuta."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye akamalizia kwa kujifuta macho na ncha ya khanga, na sikumuuliza kama ni ya kicheko.

Nikamweleza na ile safari yenyewe. Kuna mtu aliitoa video kwenye DVD, akaipunguza itoshe kwenye simu, akaitupia kwenye grupu la kwaya. Grupu likaibana tena ili isimalize bando za watu. Mwingine akaichukua huko, akaipeleka grupu la jumuiya, ikabanwa tena. Ikaenda kwa mashangazi Dodoma, ikazunguka, ikarudi. Na kila inapobanwa, kompyuta haijui ile ya mwanzo ilikuwaje, inafanya hesabu zake juu ya makombo iliyoyakuta. Ni majani ya chai yaleyale yanachemshwa kila nyumba, na mama ndiye wa mwisho kuletewa birika. Kama mtu angeituma kama faili, si kama video, ingefika ilivyo. Lakini nani anajua mambo hayo, na nani ana bando.

"Basi ibanue," mama akasema. "Wewe si fundi?"

"Haibanuki. Hawakuibana kama gunia la viazi, kwamba ukifungua unavikuta vyote. Waliviponda."

"Mwee!" alisema, akatazama kiazi alichokishika.

Nikamuuliza ile DVD yetu wenyewe iko wapi, maana kila mwanakwaya alipewa moja. Akaniletea. Deki yetu, kabla haijafa kabisa, ilikuwa imeikwaruza mpaka wimbo unakwama ubeti wa kwanza, basi mama akaiona haina kazi, akaifanya kifuniko cha kikombe. Nikamwambia ina tundu katikati. Akasema ndiyo, la kupumulia mvuke.

Kaka yangu, anayeishi Iringa mjini na anayejua kila kitu, akasema mimi nimepitwa na wakati. Siku hizi kuna programu, alisema, unaipa video mbovu, inaisafisha kwa akili bandia inakuwa mpya. Nikamwambia haiwezi kurudisha isichokuwa nacho, itabuni tu. Akasema ni wivu wa biashara. Baada ya muda akamletea mama faili kubwa ajabu, limenenepa kuliko DVD nzima ya kwaya, na mama akalifungua kwa hamu kwenye simu ya kaka mwenyewe, mimi nikiwa kwenye laini nasikiliza.

Nikasikia, "Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama. Amesafishwa."

"Baba yako alikuwa na pengo. Huyu ana meno kama mtangazaji wa televisheni. Na hii ngozi vipi, amepakwa nini?"

"Mama, hiyo ndiyo HD."

"Na huyu aliye pembeni yake mbona naye ni huyohuyo?"

Kaka akatazama vizuri, akakuta mstari mzima wa nyuma wana sura moja na meno yaleyale, wamekuwa mapacha. Mama akamwambia awatoe hao vijana nyumbani kwake. Mimi nilicheka kwa sauti ya kutosha kusikika Iringa.

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupata wasiwasi. Viazi vilikuwa vinakaribia kuvunwa, na kila mwanakwaya niliyemuuliza alikuwa na ile ile ya MB sita, au mbovu zaidi. Mwisho mwalimu wa kwaya akaniambia yule mpiga picha aliyewarekodi aliacha kamera zamani, akahamia Madibira kulima mpunga. Nikafunga ofisi nikateremka Usangu. Nilifika Madibira nimejaa vumbi, nimevaa sweta langu la Mbeya kwenye joto lile, watu wananitazama kama mgonjwa.

Nilielekezwa shambani kwake, na kabla sijamwona yeye niliona shamba linametameta. Kamba zilikuwa zimevutwa juu ya mpunga toka mti hadi mti, na kwenye kila kamba zimefungwa DVD, zinazunguka na upepo, zinamulika jua huku na huku. Ndege walikuwa wanapita juu kundi zima, wakifika hapo wanageuza. Mwenye shamba akatoka kivulini akanikaribisha. Nikamweleza nimetoka wapi na natafuta albamu ya kwaya gani.

"Hiyo hapo," akasema.

"Iko wapi?"

"Si hiyo inayofukuza ndege."

Jamani! Kwaya walikuwa wamechukua chache, zilizobaki azizungushe na kuziuza yeye, halafu simu zikaingia na deki zikafa, akabaki na maboksi. Kwa hiyo baba yangu, ambaye nyumbani hakuweza kumfukuza hata kuku asiingie sebuleni, alikuwa Madibira analinda ekari nzima ya mpunga. Hata dume la ng'ombe la jirani yake mfugaji, Msukuma mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni, lilikuwa limefungwa DVD moja kwenye pembe kwa urembo. Nililiangalia linapita na kwaya yetu kichwani, sikujua nicheke au niombe radhi kwa nani.

Nikamuuliza kuhusu zile za kwenye kamera, za mwanzo kabisa.

"Dada, zile zilikuwa kubwa mno. Diski ilijaa, harusi ya mtu ikaja, nikafuta."

Sikumlaumu, maana ndiyo kazi ilivyo. Picha ikiwa nzuri sana haina pa kukaa. Akaanza kukumbuka mwenyewe, akitikisa kichwa. "Kazi ile ilinitoa jasho. Kulikuwa na mzee mmoja hataki kabisa kutazama kamera. Namwambia baba, huku, tazama huku. Yeye anacheka, anatazama kwingine. Nikarudia, nikarudia, mwisho jua likanikimbia, nikaacha iende hivyohivyo."

Nikampa pole, wazee wa kwaya ni watu wagumu.

Tukazifungua DVD kwenye kamba moja baada ya nyingine tukazipeleka ndani. Alikuwa bado na deki nzima. Ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa. Jua lilikuwa limezibabua mpaka unaona mkono wako upande wa pili. Nilishaanza kuokota sweta langu niondoke, mke wake akauliza kutoka jikoni, "Kwani mnatafuta nini? Si kuna lile boksi la msimu ujao?"

Msimu ujao! Ndege wakishazizoea za mwaka huu, wanabadilisha. Akaleta boksi halijafunguliwa, limefungwa na nailoni, na ndani yake DVD zimekaa kwenye makasha yake kama siku zilipotoka. Tukaweka moja. Ikapigwa ngoma, na kwenye ile televisheni ndogo nyuso zilikuwa nyuso. Nikaizima hapohapo. Mpiga picha akashangaa. Nikamwambia kuna mtu anapaswa kuiona kwanza, na huyo mtu amenunua miwani kabisa. Akanipa mbili, na mke wake akaniongezea mchele wa kumpelekea mama.

Nilirudi Mbeya nikaitoa kwenye DVD bila kuitazama, jambo ambalo wateja wangu wanadhani nalifanya kila siku. Na hapo nikaleta ufundi. DVD ina mtindo wa zamani wa kufungasha picha, unakula nafasi ovyo. Mitindo ya siku hizi inafungasha vizuri zaidi, faili linakuwa dogo na picha inabaki na uzuri uleule. Nikachagua mtindo mpya kuliko yote, bitireti ya kutosha, nikaweka kwenye flashi. Faili lilikuwa dogo, zuri, nikajisikia fundi haswa.

Siku ya msalaba ikafika. Mchungaji aliombea kaburi asubuhi kukiwa na ukungu, tukaimba, tukaweka maua, tukarudi nyumbani. Sebule ikajaa. Wajukuu chini mkekani, shangazi kwenye makochi, jirani kwenye kiti alichokizoea, kofia yake kichwani na kikombe mkononi, mama mbele kabisa kwenye kigoda, miwani machoni. Nikachomeka flashi kwenye televisheni kwa madaha. Nikabonyeza.

Sauti ikatoka nzuri, kinanda, besi, kila kitu. Kioo kikabaki cheusi.

Nikachomoa, nikachomeka. Cheusi. Televisheni ya mama ni ya zamani, huo mtindo wangu mpya haijawahi kuusikia. Kaka yangu alikunja nne akatabasamu kwa raha ambayo sijamwona nayo tangu siku yake ya harusi.

Mama akageuka akanitazama juu ya miwani. "Angalau mwanzo kulikuwa na uji," alisema.

Watu walicheka, na mimi masikio yakawaka moto. Nikafungua kompyuta nikaanza kuigeuza upya, safari hii kwa mtindo wa zamani ambao kila televisheni inaujua, faili liwe kubwa litakavyo. Kuigeuza kunachukua muda. Chakula kikaletwa. Watoto wakahama televisheni wakaja kukaa mbele ya kompyuta yangu, wanautazama ule mstari unaosogea kidogo kidogo kama vile ndiyo filamu yenyewe, na kila ukisogea wanashangilia. Kaka akawa anapita na sahani yake ya wali wa Madibira anauliza, "Fundi, imefika wapi?" Nilimjibu nisiyoweza kuyaandika hapa.

Ikamaliza. Nikachomeka flashi, safari hii bila madaha.

Picha ikatokea, na sebule nzima ikasema "Aaah!" Nyuso. Vifungo. Jasho kwenye paji la uso la soprano wa mbele. Shangazi wakaanza kutaja watu kwa vicheko, huyu alikuwa mwembamba hivi, huyu nywele zilikuwepo. Mama alikuwa amenyoosha kidole, mstari wa nyuma, wa pili kutoka kulia.

Halafu kidole kikashuka. Wote tukageuza shingo, tukamtazama jirani kwenye kiti chake.

Alikuwa yeye. Mwenye kofia ileile.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Mimi nilihisi," akasema. "Ila kwa chenga zile ningeapaje? Na ulikuwa unanisalimia vizuri, shemeji."

"Nilikuwa nakueleza mambo yangu yote ya nyumbani!"

"Nilisikia," alisema mzee, kwa heshima kabisa.

Nyumba ilitaka kubomoka kwa kicheko. Lakini kicheko kikaisha, na wimbo ulikuwa bado unaendelea, na baba hakuwepo. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mstari wa nyuma tuliuhesabu kichwa kwa kichwa. Wajukuu wakawa wanauliza, "Babu yupi? Bibi, babu yupi?" na mama ameshika magoti yake tu. Nikaogopa. Nikafikiri labda siku ile aliugua, labda aliikwepa ile kamera aliyoiogopa, na mimi ndiye niliyekwenda mpaka Madibira kuwaletea watu wote hawa ushahidi kwamba hakuwemo. Nikatamani uji wetu urudi.

Kwenye kiitikio kamera ikavutwa nyuma, ikaonyesha kwaya yote na shamba. Na pale pembeni kushoto, pale penye kile kichaka cha chai kilichokuwa kinatetemeka peke yake, alikuwa amesimama mtu. Shati la kijani mbele ya chai ya kijani. Kompyuta za watu huko zilikuwa zimeona kijani kando ya kijani, zikaamua yote ni chai. Kwaya ikienda kulia yeye anaenda kushoto. Haitazami kamera kabisa, anatazama pembeni ya kamera, nyuma ya mpiga picha, na anacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, mabega yanaruka.

"Huyo," mama alisema. "Huyo hapo."

Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Kaka yangu anayejua kila kitu naye alikuwa anapenga kamasi kwenye kitambaa cha mezani.

"Anacheka nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Hotipoti," jirani akajibu. "Bibi yenu alisafiri nasi na chapati zake siku ile, akasimama nazo nyuma ya mpiga picha. Babu yenu alikuwa na njaa."

"Haikuwa hotipoti," mama akasema. Hakugeuka, alikuwa anaongea na kioo. "Niliiweka chini hotipoti. Nilikuwa nawaigiza mnavyocheza. Alikuwa ananicheka mimi."

Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Kiitikio kikaja tena, kamera ikavutwa tena, na baba akatokea tena kando ya chai anacheka. Mama akainuka kwenye kigoda, akasogea mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Akavua miwani, akaifuta na khanga, akaivaa. Kisha akamnyooshea kidole kama alivyokuwa akimnyooshea enzi zile akichelewa kuja mezani.

"Tazama kamera, wewe," akamwambia. "Wajukuu zako wote wapo hapa."

Lakini baba aliendelea kumtazama yeye.